Uganda: Leseni ya kuwatafutia watoto familia hupima nini?

Tarehe 17 Agosti 2020, Wizara ya Fedha ya Marekani ilitangaza vikwazo dhidi ya raia wanne wa Uganda: majaji wawili wa Mahakama Kuu, mwanasheria mmoja na mshirika wake. Kwa mujibu wa tangazo hilo, wazazi katika vijiji vya mbali nchini Uganda waliahidiwa kwamba watoto wao watapata nafasi katika mpango maalumu wa elimu. Watoto wakachukuliwa, wakapelekwa katika makao ya watoto mjini Kampala, na hatimaye wakaondoka nchini mikononi mwa familia za kigeni zilizokuja kuasili yatima.

Vikwazo vya namna hiyo ni uamuzi wa serikali na havina uzito wa hukumu. Hata hivyo, siku hiyohiyo hati ya mashtaka ya jinai iliwekwa hadharani katika jimbo la Ohio. Mwaka mmoja kabla, Agosti 2019, mwanamke mmoja wa Texas aliyesimamia sehemu ya shughuli za kimataifa za shirika la kuasilisha watoto alikuwa tayari amekiri kula njama ya kuwahonga maafisa wa Uganda. Mwingine miongoni mwa walioshtakiwa mwaka 2020 alikiri mwaka 2021.

Shirika lenyewe, European Adoption Consultants la mji wa Strongsville huko Ohio, halikuwa shirika la mfukoni. Lilikuwa na ithibati ya kufanya kazi hiyo na lilihudumia familia zilizotaka watoto kutoka nchi nyingi. Ndiyo sababu mkasa wa Uganda una maana kwa kila nchi ya jirani inayofikiria jinsi ya kuyapa leseni mashirika yanayowatafutia watoto walezi na wazazi wapya. Mtu anaweza kuuliza, kwa haki kabisa, leseni hiyo ilikuwa ikitazama wapi wakati watoto wakiondoka.

Sheria ilivyokuwa

Sheria ya Watoto ya Uganda ilitungwa mwaka 1996 na kuanza kutumika mwaka uliofuata. Ndani yake mna njia mbili za msingi za kumpatia mtoto familia nyingine. Malezi ya kambo ni ya muda: mtoto huishi na familia iliyokubaliwa chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, na waliomzaa hubaki kuwa wazazi wake. Uasili ni jambo jingine kabisa. Amri ya mahakama ikishatolewa, haki na wajibu wa wazazi wa kuzaa hukoma, na mtoto huhesabiwa kama aliyezaliwa katika nyumba mpya, mirathi ikiwa ndani yake.

Kwa kuwa amri hiyo ni nzito, sheria iliizungushia masharti. Mwombaji awe na umri usiopungua miaka 25, na amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Wazazi wakijulikana, ridhaa yao ni lazima, na wanaweza kuiondoa wakati wowote kabla amri haijatolewa. Mtoto aliyefikisha miaka 14 naye huulizwa. Raia wa Uganda hupeleka ombi lake kwa hakimu mkuu. Mgeni hana budi kwenda Mahakama Kuu, na katika sheria ya awali alitakiwa awe amekaa Uganda miaka mitatu na kumlea mtoto huyo kwa miezi 36 chini ya uangalizi wa afisa ustawi.

Leseni iliwekwa wapi basi? Iliwekwa kwenye makao. Nyumba yoyote ya kulelea watoto, iwe ya serikali au ya shirika binafsi, ilipaswa kuidhinishwa na waziri na kukaguliwa, na haikuruhusiwa kumpokea mtoto ila kwa amri ya mahakama, au kwa muda mfupi wakati wa dharura. Lakini hapakuwa na sura inayomhusu wakala: yule anayefika kijijini, anayezungumza na mzazi, anayemuunganisha mtoto na familia iliyo ng'ambo na kulipwa kwa kazi hiyo. Sheria ilimwona mwombaji, ikaliona makao, ikamwona jaji. Yule aliyekuwa akitembea baina yao hakuhitaji cheti.

Kenya ilichukua njia tofauti. Sheria yake ya mwaka 2001 ilitaka mashirika ya uasili yasajiliwe, yawe chini ya Kamati ya Uasili, na ni shirika lililosajiliwa tu lililoweza kutamka kwamba mtoto, akiwa amefikisha angalau wiki sita, yuko huru kuasiliwa. Utaratibu huo nao haukuzuia malalamiko. Novemba 2014 Baraza la Mawaziri la Kenya lilisimamisha uasili wa kigeni kwa hofu ya biashara ya watoto, na vibali vya mashirika vya kushughulikia maombi ya wageni vikafutwa.

Mlango wa ulezi

Miaka mitatu ni mirefu kwa familia ya Marekani au Ulaya yenye kazi na nyumba kwao. Wengi hawakuingoja. Mawakili walipata mlango wa pembeni unaoitwa ulezi wa kisheria. Sheria ya Watoto haikuwa imeufafanua, kwa hiyo Mahakama Kuu iliombwa itumie mamlaka yake ya jumla kumteua mgeni kuwa mlezi wa mtoto, na Mahakama ya Rufani ikaikubali njia hiyo katika miaka ya 2000. Mgeni aliyekuja kwa wiki chache aliweza kuondoka na mtoto mkononi na amri ya ulezi kwenye bahasha, kisha uasili wenyewe ukakamilishwa katika mahakama ya jimbo lake nchini Marekani.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu kidogo. Mahakama ya Uganda ilitoa ulezi, jambo ambalo kwa maana yake ya kawaida halikati undugu. Mahakama ya Marekani ilikata undugu, lakini haikuwa na njia ya kumwita mama wa mtoto na kumsikiliza. Swali kubwa kuliko yote, kama mzazi alijua kwamba anampoteza mwanawe moja kwa moja, lilipita katikati ya mahakama mbili bila kuulizwa kwa ukamilifu na yoyote kati yake. Katika miaka ya 2011 hadi 2013, watoto wa Uganda waliopewa viza za Marekani kwa ajili ya kuasiliwa walizidi 200 kila mwaka.

Kuna neno moja lililoongeza utata. Katika sheria ya uhamiaji ya Marekani, mtoto huweza kuitwa yatima hata kama mama yake yu hai, mradi mzazi huyo aliyebaki hana uwezo wa kumtunza na ametia saini hati isiyoweza kubatilishwa ya kumwachia mtoto aondoke na kuasiliwa. Msemaji wa Kiswahili akisikia yatima hufikiria msiba. Afisa wa viza alikuwa akitafuta saini.

Upande wa pili liko neno kulea. Katika eneo letu mtoto kulelewa kwa shangazi, kwa bibi, au kwa mfadhili wa mjini anayemlipia karo ni jambo la kila siku. Likizo ikifika anarudi, na hata asiporudi hubaki mtoto wa kwao. Mzazi aliyeambiwa kwamba mwanawe atasomeshwa na wazungu hakuwa na sababu ya kudhani kwamba karatasi aliyowekewa mbele inazungumzia kitu kingine. Wengi wa wazazi hao hawakuweza kusoma Kiingereza cha hati hizo. Barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani halmashauri ya kijiji, iliambatanishwa, muhuri ukagongwa, na jalada likaonekana limekamilika.

Mwaka 2017 vyombo vya habari vya kimataifa vilisimulia habari za msichana mmoja aliyepelekwa Marekani kwa njia ya aina hiyo. Alipoanza kukijua Kiingereza aliwaeleza waliomchukua kwamba kwao ana mama, na mambo aliyoyataja hayakulingana na yaliyoandikwa kwenye jalada. Familia ile ilifuatilia, ikabaini kwamba mtoto anasema kweli, ikamrudisha Uganda kwa mama yake. Mashirika, ofisi na mahakama zilizopitia jalada lake hazikuwa zimeligundua hilo.

Leseni ya Marekani na mipaka yake

Nchini Marekani kila jimbo hutoa leseni kwa mashirika yanayoweka watoto katika malezi ya kambo au uasili. Kwa shirika linaloshughulikia watoto wa nchi za nje, leseni ya jimbo ni hatua ya kwanza tu. Juu yake hutakiwa ithibati ya shirikisho, inayofuata viwango vya Mkataba wa The Hague wa tarehe 29 Mei 1993 kuhusu uasili baina ya nchi. Hapo awali ithibati hiyo ilihitajika kwa nchi zilizojiunga na mkataba pekee. Tangu Julai 2014 ilihitajika kwa nchi zote, Uganda ikiwamo, ingawa Uganda haijajiunga.

Ithibati hukagua mambo mengi yenye manufaa. Hutazama hesabu za fedha za shirika, elimu ya wafanyakazi wake, jinsi wanavyochunguza nyumba ya wanaotaka mtoto, na kama wazazi hao wamepata angalau saa kumi za mafunzo. Yote hayo ni ya upande wa anayepokea. Kwa upande wa mtoto anakotoka, shirika hutakiwa kuwasimamia watu linaowatumia huko. Lakini ridhaa ya mzazi ikiwa imekusanywa na mtu ambaye hayuko chini ya usimamizi huo, shirika huweza kuithibitisha baadaye kwa kupitia nyaraka. Na nyaraka za Uganda, kama ilivyoonekana, zilikuwa nzuri.

Hati za kesi ya yule mwanamke wa Texas zinaeleza hongo ilikokwenda. Maafisa ustawi wa jamii walilipwa ili wapendekeze mtoto fulani apelekwe katika makao. Wasajili wa mahakama walilipwa ili shauri lipangiwe jaji anayejulikana kuwa mwepesi kwa maombi ya namna hiyo. Na majaji walilipwa kwa ajili ya amri yenyewe. Hao ndio walinzi watatu ambao sheria ya Uganda iliwaweka kati ya mtoto na uwanja wa ndege, na hakuna hata mmoja wao ambaye mkaguzi wa Ohio angeweza kumfikia.

Desemba 2016 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ililifungia European Adoption Consultants kwa miaka mitatu, na Februari 2017 maafisa wa FBI walipekua ofisi zake. Adhabu hiyo ilikuwa kali, lakini ilikuja baada ya watoto kwisha kuondoka. Familia zilizokuwa katikati ya safari, zikiwa zimelipa, ziliachwa zikitafuta shirika jingine.

Mabadiliko ya 2016

Uganda yenyewe ilikuwa imeanza kusogea. Mwongozo wa taifa wa malezi mbadala wa mwaka 2012 ulipanga ngazi: kwanza wazazi wake mtoto, kisha jamaa, kisha familia nyingine ya Uganda kwa malezi ya kambo au uasili, na baada ya hapo ndipo uasili wa kigeni na makao viweze kufikiriwa. Mwongozo hauna nguvu ya sheria. Nguvu hiyo ilikuja na marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016.

Kwa marekebisho hayo, ulezi wa kisheria ulipata sura yake ndani ya sheria na ukabaki kwa raia wa Uganda peke yao. Mlango wa pembeni ukafungwa. Ulezi wa kimila pia ulitambuliwa, ili ukoo uweze kumteua mlezi wazazi wanapokuwa wamefariki au hawapatikani. Uasili wa kigeni ulitajwa waziwazi kuwa chaguo la mwisho.

Lakini palepale Bunge lilipunguza sharti la ukaazi wa mgeni kutoka miaka mitatu hadi mwaka mmoja, pamoja na mwaka mmoja wa kumlea mtoto kwa malezi ya kambo, na likaipa mahakama uwezo wa kulegeza masharti katika hali za kipekee. Waliotetea uamuzi huo walisema sharti lisilowezekana ndilo lililowasukuma watu kwenye mlango wa pembeni. Mwaka mmoja unawezekana, hivyo utafuatwa. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo maneno "hali za kipekee" yana tabia ya kupanuka kila yanapofika mbele ya wakili hodari, na ni majaji wanaoyatumia kwa ubahili tu wanaoweza kuyazuia. Tanzania, kwa kulinganisha, katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliweka miaka mitatu mfululizo ya ukaazi kwa mgeni anayetaka kuasili.

Kitu ambacho mwaka mmoja unakileta, na ambacho wiki tatu haziwezi, ni nafasi ya jirani kusema. Mtoto akikaa na mgeni mjini Jinja au Mbarara kwa miezi kumi na miwili, habari hufika kijijini kwao. Shangazi ambaye hakuulizwa hujitokeza. Baba aliyesemekana kufariki hurudi kutoka kazini. Hakuna fomu inayofanya kazi hiyo.

Majirani na suala la kafala

Mkataba wa The Hague hutaka kila nchi mwanachama iwe na mamlaka kuu moja ya uasili, mashirika yenye ithibati yasitafute faida, na shirika la nchi moja lisifanye kazi katika nchi nyingine mpaka serikali zote mbili zimeliruhusu. Burundi ilijiunga mwaka 1998, Kenya 2007, Rwanda 2012. Uganda, Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hazimo. Kongo ilisimamisha vibali vya watoto walioasiliwa kuondoka nchini Septemba 2013, na mamia ya familia za kigeni ambazo tayari zilikuwa na hukumu za mahakama zilikaa kwa muda mrefu bila watoto.

Rwanda ilianzia upande mwingine. Badala ya kuanza na wakala, ilianza na makao yenyewe. Hesabu iliyofanywa wakati mpango ulipokuwa ukianza iliwakuta watoto 3,323 katika makao 33, na tangu mwaka 2012 serikali imekuwa ikiyafunga na kuwahamishia watoto kwa jamaa zao au kwa walezi wa kambo wanaojulikana kwa jina la Malayika Mulinzi. Makao yakipungua, wakala wa kigeni hana pa kwenda kuchagua.

Kwa Waislamu wa ukanda huu kuna jambo la ziada. Uasili unaobadilisha nasaba na mirathi haukubaliki katika sheria ya Kiislamu. Kinachojulikana ni kafala, yaani kumchukua mtoto, kumtunza na kumsomesha bila kumvua jina la baba yake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989 uliitaja kafala katika kifungu cha 20. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 na Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 nazo zimeipa nafasi. Familia za Kiislamu za Uganda zinazolea watoto wa ndugu zinaweza kutumia ulezi wa kisheria au wa kimila wa mwaka 2016, ambao kwa matokeo yake haupo mbali na kafala, kwa kuwa nasaba haiguswi.

Idadi ya watoto wanaoasiliwa kutoka nje na kupelekwa Marekani imeshuka sana, kutoka zaidi ya 22,000 mwaka 2004 hadi chini ya 2,000 kwa mwaka tangu 2020. Shinikizo kwa nchi kama Uganda limepungua kwa kiasi hicho. Mzigo uliobaki uko ofisi ya wilaya. Afisa ustawi wa jamii ndiye anayefika mahakamani na kijana aliyeiba, anayesuluhisha baba na mama wanaogombania matunzo, anayekagua makao, anayewatembelea walezi wa kambo, na ndiye huyohuyo anayeandika ripoti itakayomwambia jaji kama mtoto kweli hana ndugu. Katika safari nzima ya mtoto, ripoti hiyo ndiyo karatasi ambayo ofisi nyingine zote huitegemea, na mara nyingi huandikwa na mtu mmoja asiye na usafiri wa kumfikisha kijijini.

Mzazi au ndugu anayeletewa hati kuhusu mtoto ana haki ya kuambiwa kwa lugha anayoielewa kama hati hiyo ni ya malezi ya kambo, ya ulezi au ya uasili, na kama mtoto atabaki wake kisheria. Anaweza kukataa kutia saini. Akiwa ameshatia, anaweza kuiondoa ridhaa yake ya uasili mradi amri haijatoka, kwa kwenda kwa afisa ustawi wa wilaya au kwenye mahakama inayosikiliza ombi. Malipo au ahadi ya malipo kwa ajili ya saini ni sababu ya kutoa taarifa polisi. Nchini Uganda taarifa kuhusu watoto hupokelewa pia bila malipo kwa simu namba 116, inayoitwa Sauti.